Mgonjwa Mmoja, Milima Minne

Kanisa letu ni dogo. Liko pembeni mwa barabara ya kwenda Gando, lina bati jekundu na kengele ya rimu ya gari, na hata Jumapili tukijaa sana tunajaza mabenchi ya mbele tu, ya nyuma tukayaachia mikoba. Karibu wote ni watu wa bara: walimu, askari, wauguzi, wauza vyombo vya plastiki, waliohamia Pemba wakinung'unika na watakaohama wakinung'unika. Mimi ni miongoni mwa wachache tuliozaliwa hapa hapa. Baba yangu alikuja kuchuma karafuu, akakaa, akazikwa. Nayasema haya ili ijulikane kwamba ninaowateta ni watu wangu, na nina haki nao.

Miaka michache iliyopita tuliletewa mwinjilisti mpya, kijana mwenye sauti nzuri na semina nyingi kichwani. Jumapili yake ya kwanza alituambia kuwa tumekuwa wasikiaji wa Neno bila kuwa watendaji. Hilo lilikuwa kweli tupu, na laiti angeishia hapo. Jumapili ya pili akaja na mpango. Kila mwezi tutachukua fungu moja la Biblia na kulitenda. Kanisa likagawanywa vikundi vinne, kila kimoja kikapewa jina la mlima: Sayuni, Karmeli, Sinai na Mizeituni. Mwisho wa mwezi kila mlima utasimama mbele na kutoa ushuhuda wa matendo yake, picha zikiwa zimekwisha kutumwa kwenye kundi la simu, na mlima uliotenda kuliko mingine utakaa na bendera ya zambarau mwezi mzima.

Mimi nikaangukia Mizeituni. Sikuomba.

Tulianza na fungu la kuwalisha wenye njaa. Tukalishana. Sayuni waliwapikia Karmeli pilau, Karmeli wakawapikia Sinai ndizi za nyama, na picha zikatoka nzuri, watu wazima wenye mishahara wakiwa na mashavu yaliyojaa. Jirani zetu ni Waislamu, hawali nyama iliyochinjwa nasi, na katika kanisa zima hakutokea mtu wa kukumbuka kwamba wali kwa maharage hauna wa kuchinjwa. Mwezi uliofuata lilikuja fungu la kuwavika walio uchi. Tukabadilishana mashati. Askari mmoja mnene alivishwa fulana ya mwalimu wa hesabu akashindwa kuivua, na hiyo ndiyo ikawa ushuhuda wa Sinai, wakapata bendera.

Mwezi wa tano likaja fungu la kumtazama mgonjwa.

Hapo milima ilipata shida, kwa sababu hatukuwa na mgonjwa. Watu wengi kanisani ni vijana wa ajira, wana afya kama punda wa chokaa. Karmeli walikwenda hospitali na gitaa. Wakasimama katikati ya wodi ya wanaume na kuanza wimbo wa kwanza, na muuguzi wa zamu, ambaye naye ni mtu wetu wa Sayuni, akawatoa nje kwa adabu kubwa. Walisema baadaye kuwa Sayuni wamewafanyia wivu. Sinai waligundua kwamba mzee mmoja wa kanisa ana presha, wakamfuata nyumbani, wakamkuta juu ya mnazi anaangua madafu. Wakamwomba ateremke alale kitandani kidogo wampige picha. Aliteremka, lakini hakulala.

Ndipo mama wa bondeni akavunjika mguu.

Namwita hivyo kwa sababu bonde ndiyo maisha yake. Ni mjane, muumini mwenzetu, makamo yangu, watoto wake wamekwenda kutafuta bara na hawajapata. Nyumba yake inatazamana na yangu, uani tunatumia kamba moja ya kuanikia. Ana kipande cha bonde nje ya mji, upande wa Gando, analima mpunga wa mvua, na mchele wa kipande kile ndio anaokula mwaka mzima. Kikitoka vizuri, anakula. Kikiharibika, anakula muhogo na kunyamaza. Mwaka ule mpunga ulikuwa umeota vizuri kuliko miaka yote ninayoikumbuka, umefika magotini, na magugu nayo yamefika magotini. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kupalilia. Akateleza kwenye gogo la kuvukia mfereji, mguu ukabaki upande mmoja na yeye akaenda upande wa pili. Hospitali wakamfunga hogo, ile plasta nyeupe nzito, kutoka kwenye vidole hadi juu ya goti, wakamwambia asiukanyage mguu mpaka daktari mwenyewe atakapolikata.

Habari zilipofika kanisani, mwenyekiti wa Karmeli, afisa mmoja anayevaa mikono mirefu hata juani saa sita, alifumba macho na kusema Mungu amejibu maombi. Nilikuwepo. Nilimsikia kwa masikio yangu haya mawili.

Wakaanza kuja. Wa kwanza Sayuni, kina mama wamevaa vitenge vya sare. Wakati Sayuni bado wanaomba, Karmeli wakafika na gitaa, wakangoja barazani kwangu zamu yao kama watu waliofuata unga wa mgao. Kesho yake Sinai. Keshokutwa Sayuni tena, kwa kuwa walisikia Karmeli wamekaa muda mrefu zaidi. Mizeituni, yaani sisi, tulikuja jioni, na mimi nilivuka ua tu nikiwa na birika mkononi, kwa kuwa mgeni haondoki hivi hivi, na mwenye nyumba alikuwa amelazwa. Chai nilichemsha mimi, mihogo nilichemsha mimi, vikombe niliosha mimi. Walileta sabuni, na sukari, na zile juisi za boksi ambazo mama wa bondeni hanywi kwa sababu zinamkwaruza koo. Sabuni zilijaa chini ya kitanda. Sukari ile ile waliyoileta waliinywa, wakaongeza na yake.

Na kila mlima ulitaka picha. Walimwinua wakamwegemeza kwenye mito, wakalivuta shuka ili hogo lionekane vizuri. Kiongozi wa Sinai, mwanamke mwenye simu kubwa, alimwomba atabasamu lakini asitabasamu sana, asije akaonekana amepona. Usingizi wa mchana ukampotea. Usiku mguu ulikuwa unamwasha ndani ya plasta, na asubuhi ndiyo angalau anasinzia, basi asubuhi walimu wa zamu ya mchana walikuwa na nafasi ya kuja.

Jirani yetu wa upande wa tatu, bibi mmoja wa Kipemba anayetujua tangu tulipokuwa wasichana, alikuwa anatazama haya yote kutoka mlangoni kwake. Jioni moja alinivutia pembeni.

"Bi mwalimu," aliniuliza, "kwani mgonjwa wenu hufanyiwa arusi?"

Akatikisa kichwa, akasema wano watu, hawa wageni wenu, hawana kwao, akaingia ndani, akarudi na bakuli la uji wa mchele. Akampa mgonjwa mkononi, akaondoka bila hata kuketi.

Sasa nije kwenye mpunga, maana mambo yote yaliishia hapo. Mama wa bondeni si mtu wa kuomba. Lakini kitandani pale alikuwa anahesabu mvua. Kila ikinyesha anasikiliza bati na kusema magugu yanakunywa. Wiki ya pili, Sayuni walipomaliza kuomba na kumuuliza, kama desturi, kama ana hitaji lolote, alisema analo. Alisema kama wapo watu wa kumpalilia kipande chake, hata asubuhi moja, hatawasahau mpaka kufa. Kina mama wakatazamana. Kisha mkubwa wao akamshika mkono akamwambia watauweka mpunga kwenye maombi. Na kweli waliuweka. Jumapili ile mpunga wa mama wa bondeni uliombewa kwa sauti, mkono wa kila mtu juu, mikono laini kama maandazi.

Mimi nilikwenda Jumamosi, na bibi jirani akanipa binti zake wawili tukaenda nao. Tukapalilia pembe moja. Wale mabinti wana bonde la kwao linawangoja, mimi nina darasa asubuhi na darasa mchana, na magugu hayajui Jumamosi. Nilirudi mgongo umekufa, nikampelekea habari kwamba mpunga bado uko hai lakini umezingirwa. Aligeukia ukutani.

Karmeli walipokuja tena nilikuwa nimekwisha kuiva. Walikuwa kumi na kitu, wanaume wengi wao, wenye mabega. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hawa siku yao ya tatu ilikuwa imepita zamani. Nikawaletea majembe. Sina mzaha. Niliyakusanya yangu, ya mama wa bondeni na ya bibi jirani, nikayaegemeza kwenye ukuta mbele ya viti vyao, nikasema bonde si mbali, tukiondoka sasa adhuhuri tumerudi. Mwenyekiti wao aliyatazama majembe kama mtu aliyeletewa nyoka kwenye sinia. Mwinjilisti naye alikuwa amefuatana nao siku ile. Yeye ndiye aliyejibu, kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma.

"Dada mwalimu, kazi hiyo ni njema sana, lakini ni ya mwezi ujao. Mwezi ujao tuna fungu la kuchukuliana mizigo. Mwezi huu ni kutazama. Tusichanganye mafungu."

Nilimuuliza kama magugu nayo yamepewa ratiba. Alicheka, akifikiri natania. Mama wa bondeni kitandani hakucheka. Karmeli wakaimba wimbo wa kufunga, wakapiga picha, na kwenye picha ile, ambayo nilikuja kuiona, majembe yangu yako nyuma yao ukutani, yamependeza sana.

Jumatatu iliyofuata nilirudi kutoka shule nikakuta mlango wa mwenzangu umefungwa kwa kufuli. Nilimuuliza bibi jirani. Akanyoosha kidole uani. Penye beseni la kufulia kulikuwa na vipande vya plasta vilivyolowa, vyeupe, vimelainika kama ugali wa jana, na kisu cha kukatia mboga kando yake. Alikuwa ameliloweka hogo asubuhi nzima, akalikata mwenyewe, akachukua jembe akalifanya mkongojo, akaenda.

Nilimkimbilia bondeni. Nilimkuta ameketi kwenye tope, mguu mbaya ameunyoosha mbele, anang'oa magugu kwa mikono, akimaliza hapo anajiburuza kwa makalio kwenda mbele. Kanga yake ilikuwa tope tupu. Nilipiga kelele. Nilimwambia daktari alisema nini, nikamtajia mguu, nikamtajia watoto wake, nikamtajia na Mungu. Alingoja nimalize.

"Dada, kule ndani nimelala na sipumziki," akasema. "Wataendelea kuja mpaka nife. Hapa kuna matope. Hapa hawanifuati."

Hawakumfuata, kweli. Nilivua viatu nikaingia. Alipalilia hivyo siku baada ya siku, na jioni nilikwenda kumchukua kwa baiskeli ya mkaa ya mtoto wa bibi jirani. Mguu ulivimba ukawa mweusi kifundoni, na bibi alimkanda kwa maji ya majani ambayo hakuniambia ni majani gani, huku akimtukana tangu anaanza mpaka anamaliza. Mimi pia nilimtukana. Lakini mpunga ulitoka kwenye magugu ukapumua.

Mwenyekiti wa Karmeli alimwona barabarani. Alikuwa ndani ya gari la kazi, akamwona mama wa bondeni amesimama, hana hogo, ana jembe. Gari halikusimama ili kumpa nafasi. Lakini kufikia jioni simu zetu zote zilikuwa zinalia: mgonjwa wetu anatembea.

Jumapili walimwita mbele. Nilimshika gauni asiende. Akasema asipokwenda watakuja nyumbani. Akaenda, akivuta mguu, na kina mama wakapiga vigelegele mpaka njiwa wa darini wakaruka. Hapo sasa ukazuka ugomvi, wa chini chini lakini mkali, ni mlima upi ulioponya. Karmeli walisema ni wimbo wao wa kufunga. Sayuni walikumbusha kwamba wao ndio waliotangulia kuweka mikono. Sinai walionyesha picha zenye saa. Mwinjilisti akaamua kwa hekima kwamba bendera izunguke, kila mlima uwe nayo juma moja. Hakuna aliyemuuliza mama wa bondeni nani amelikata hogo. Video ikapelekwa bara, ikarudi na pongezi.

Mwezi wa sita likaja fungu la kuchukuliana mizigo, lile nililoahidiwa. Nilingoja nione. Kupalilia kulikuwa kumekwisha, mpunga ulikuwa unatoa mashuke, hauna haja na mtu. Basi milima minne ilivaa fulana mpya ikaenda gatini siku ya boti na kuanza kuwapokea abiria mabegi bure. Wachukuzi wa pale, ambao mabegi yale ndiyo ugali wa watoto wao, waliwavumilia kidogo, kisha wakawafukuza. Mwenyekiti wa Karmeli alipoteza kiatu. Hilo nalo lilitolewa ushuhuda, kama mateso kwa ajili ya Neno, na kiatu kilichobaki alikuja nacho kanisani mkononi.

Mavuno yalikuja mazuri. Mama wa bondeni alileta sadaka ya mpunga wake, ukakobolewa, ukapikwa ibada ya shukrani, na kila mlima ulikula mpaka ukoko. Walimsifu kwa mchele mtamu. Nilikaa na sahani yangu mapajani nikawatazama wanavyotafuna, na nasema wazi kwamba niliwachukia, kwa jinsi mtu anavyoweza kuwachukia ndugu zake, yaani kabisa na bila kuondoka.

Mguu haukurudi. Daktari alisema mfupa umeungana upande, na kuunyoosha ni kuuvunja upya, tena Unguja, tena itabidi alale miezi. Mama wa bondeni alisema asante, akarudi bondeni. Anachechemea. Gogo la mfereji sasa analivuka kwa makalio.

Na kila wakija wageni kutoka bara, mwinjilisti humsimamisha. Mwaka jana walikuja wazee wenye suti, akaombwa atembee kutoka mlangoni hadi madhabahuni ili waone matendo ya Bwana. Alitembea. Mpiga ngoma wetu ni mtu mwenye sikio, akaushika mwendo wake: hatua moja nzito, moja ya kuburuta, nzito, ya kuburuta. Kanisa zima likaingia na makofi juu ya mwendo ule, wakiyumba nao, macho yamefumbwa kwa raha. Aliporudi kukaa karibu nami alikuwa anatoka jasho. Aliniinamia sikioni.

"Nikiumwa tena," akasema, "usimwambie mtu."

Mwezi huu, kwa kuwa lilizaa sana, wamelirudisha fungu la kumtazama mgonjwa. Sinai wamenunua simu mpya. Karmeli wana spika ya magurudumu. Na mama wa bondeni ana homa, na ule mguu umevimba tena, na amelala chumba changu cha nyuma kwa sababu kwake ndipo watakapoanzia. Daktari amekuja kwa mlango wa uani. Bibi jirani anamletea uji akiuficha chini ya mtandio kama mtu aliyeiba.

Wamekwisha kuja, bila shaka. Sayuni walimuuliza bibi, naye akawajibu bila kupepesa: "Kaenda Fundo kwa watu wake." Hana watu kisiwani Fundo. Karmeli waliniuliza mimi, kanisani, mbele ya madhabahu, mwinjilisti akiwepo. Nikasema kaenda Fundo. Sikutubu, na sina mpango huo. Walisikitika sana kumkosa, wakaniomba nimwambie kuwa wanamkumbuka katika maombi.

Mvua imenyesha usiku wote. Jumamosi mimi, bibi na binti zake tunashuka bondeni.